Simba Hawashi Moto: Msako wa Julie Ward Ng'ambo ya Serengeti

Maji yanayopita chini ya daraja la Kirumi, kati ya Butiama na Rorya, kabla hayajaingia ziwani jirani na Musoma, yametoka mbali. Sehemu yake hutoka Sand River, mto mdogo wa mchanga unaoambaa na mpaka wa Kenya na Tanzania kabla ya kuungana na mto Mara. Kwenye ukingo wa mto huo, Septemba 1988, alitoweka msichana wa Kiingereza, na ukaanza msako ambao familia yake iliuendesha kwa zaidi ya miaka thelathini.

Sand River haikuwa mwisho wa njia siku zote. Watalii walikuwa wakipita pale kutoka Maasai Mara kuingia Serengeti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ukafungwa, na hata ulipofunguliwa kwingine mwaka 1983, njia ile haikurudishwa. Nyumbu wanaoonekana upande wa Bunda, karibu na mto Grumeti, kila Mei na Juni, miezi michache baadaye huvuka kwenda Kenya bila kuulizwa pasipoti. Mtalii akifika Sand River hugeuza gari.

Julie Ward alikuwa na miaka 28, mpenzi wa kupiga picha za wanyama, na alikuwa amekaa Kenya miezi kadhaa. Kabla ya kurudi kwao alitaka kuwaona nyumbu. Aliingia hifadhini na rafiki yake, Mwaustralia, kwa gari dogo aina ya Suzuki, gari likaharibika, na rafiki akatangulia Nairobi kwa ndege. Gari lilipotengemaa, Julie alikwenda peke yake kambi ya Sand River kuchukua mahema waliyoyaacha. Ilikuwa Septemba 6. Alionekana akiondoka kambini mchana ule. Nairobi hakufika.

Baba yake, John Ward, mwenye hoteli huko Uingereza, hakukaa kusubiri simu. Alisafiri hadi Kenya na kukodi ndege kadhaa ndogo, zikaanza kuchambua nyika kipande kwa kipande. Septemba 13 rubani mmoja aliliona gari limekwama korongoni. Juu ya paa kulikuwa na herufi SOS zilizoandikwa kwa tope.

Hapo ndipo hadithi inapogoma. Anayeandika SOS juu ya paa anangoja kuokolewa, na gari ndilo kinga yake. Kwa nini aliache na kukanyaga nyasi zenye simba? Siku ileile, kilomita kama 10 kutoka pale, wakakuta majivu ya moto na mabaki machache ya mwili. John Ward mwenyewe alikuwepo.

Kauli za kwanza za wakubwa zilikuwa nyepesi: ameliwa na wanyama. Baadaye ikatajwa hata kwamba huenda alijiua. Utalii ulikuwa unaiingizia Kenya fedha nyingi za kigeni, na mgeni aliyeuawa hifadhini ni tangazo baya kuliko mgeni aliyeraruliwa na simba. Lakini mtu wa Bunda au Ikoma, aliyekulia jirani na mbuga, hahitaji shahada kujua kwamba simba hawashi moto. Mguu uliopatikana, kwa maandishi ya daktari aliyeuchunguza kwanza, ulikatwa na kitu chenye makali. Ripoti ile ikabadilishwa ili ionekane umeraruliwa. Ni uchunguzi wa kimahakama mjini Nairobi, mwaka 1989, uliosema wazi kwamba Julie aliuawa.

Mwaka 1990 wakaletwa wapelelezi wa Scotland Yard. Mwaka 1992 askari wawili wa hifadhi walishtakiwa, mahakama ikawaachia huru. Mwaka 1999 akapandishwa kizimbani aliyekuwa mkuu wa askari wa hifadhi, naye akaachiwa. Hatuwataji majina, kwa kuwa sheria imewasafisha. Mwaka 2004 uchunguzi mwingine, huko Ipswich, Uingereza, ukahitimisha vilevile kwamba aliuawa kinyume cha sheria.

Sisi tuliokua na riwaya za Elvis Musiba tumezoea mpelelezi wake, Willy Gamba, akimfichua mhalifu kabla kurasa hazijaisha. John Ward hakuwa mpelelezi wala hakuwa na mwandishi wa kumpangia sura ya mwisho. Alikuwa na pesa, jambo ambalo wazazi wengi wa Kiafrika wanaopoteza watoto hawana, na lazima lisemwe. Alisafiri kwenda Kenya zaidi ya mara 100, na gharama zake zilitajwa kufikia takriban pauni milioni 2. Mwaka 1991 alitoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba wanyama hawana hatia. Kwa maoni yangu, hilo ndilo jambo kubwa alilolipata: nyika iliyokuwa imebebeshwa lawama ilisafishwa, na macho yakageuzwa kwa binadamu wanaoilinda.

John Ward alifariki dunia mwaka 2023. Mpaka alipokufa, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya binti yake.