Ngazi za okestra ya vijana na safari ya mtoto wa Tongaren

Okestra ya vijana haiwapangi wanachama kwa umri, bali kwa uwezo wa kupiga ala pamoja na wenzao. Kijana wa miaka 15 anaweza kuketi na wanaoanza ilhali wa miaka 11 yuko na wakubwa, jambo ambalo huwakera wazazi waliozoea utaratibu wa madarasa.

Katika ngazi ya kwanza mtoto hujifunza kushika upinde, kufuata mapigo na kusoma nota. Mdogo hupewa fidla ya robo au nusu, naye huibadilisha kadiri mkono unavyorefuka. Gharama hiyo ndiyo huwakatiza wengi. Kundi la kati humzoesha kupiga sehemu yake huku jirani akipiga nyingine. Kuingia okestra yenyewe ni kwa majaribio: skeli, kipande alichokiandaa, na ukurasa wa nota ambao hajawahi kuuona. Hapo ndipo wengi hukwama.

Okestra nyingi huzingatia pia mitihani ya bodi ya Uingereza ya ABRSM, iliyoundwa mwaka wa 1889, yenye madaraja 8. Kizingiti ni daraja la 5: asiyefaulu nadharia au mtihani unaokubaliwa badala yake hafanyi mitihani ya kupiga ala ya madaraja ya juu.

Jijini Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulioanza Korogocho mwaka wa 2008 umewafikisha baadhi ya wanafunzi wake katika Okestra ya Kitaifa ya Vijana. Waliotangulia huwafundisha wadogo, na pengine hilo lina thamani kuliko cheti.

Tongaren iko takriban kilomita 400 kutoka huko. Ngazi iliyo karibu na mwanafunzi wa eneo hilo ni Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo mizizi yake ni ya mwaka wa 1927. Shule huanzia mashindano ya mashinani, zikapanda hadi kaunti, kanda na taifa. Lakini anayepanda ni kundi la shule; mtoto akihitimu, ala hubaki nyuma.

Hata hivyo hatoki mikono mitupu. Aliyelelewa na litungu la Wabukusu ana sikio lililokomaa, kwani ala hiyo hulinganishwa sauti kwa kusikiliza tu na hupigwa kwa kumfuata mwimbaji. Kinachompungukia ni kusoma nota, na akichagua fidla, kazi ya mkono wa kushoto: nyuzi za litungu, ambazo kwa kawaida ni 7, hukwanyuliwa bila kubanwa, ilhali zile 4 za fidla hutafutiwa sauti kwa vidole. Mpigaji wa siilili ana nafuu hapo, maana tayari amezoea upinde na kubana uzi.