Tufe lililobonyea na fumbo la vipimo 11

Na Mwandishi Wetu, Arusha

MKAZI wa Arusha yuko mbali zaidi na kitovu cha dunia kuliko mtu aliyesimama kwenye usawa wa bahari katika Ncha ya Kaskazini. Tofauti inazidi kilometa 21, zaidi ya mara nne ya kimo cha Mlima Meru.

Sababu ni kwamba dunia si tufe kamili. Kwa kujizungusha kwake imetuna Ikweta na kubonyea nchani. Tufe kamili huweza kuzungushwa kwa mhimili wowote, kwa kiasi chochote, bila sura yake kubadilika. Lililobonyea lina mhimili mmoja tu wa namna hiyo. Kubonyea hupunguza ulinganifu.

Kanuni hiyo ndiyo iliyotumiwa na wanafizikia katika supagraviti, nadharia inayounganisha nguvu ya mvutano na chembe za maada. Mwaka 1978, Eugène Cremmer, Bernard Julia na Joël Scherk, mjini Paris, waliiandika kwa vipimo 11. Binadamu huviona vinne tu: urefu, upana, kimo na wakati. Saba vilivyobaki hudhaniwa kuwa vimekunjwa vikawa vidogo mno, wazo lililotokana na Theodor Kaluza (1921) na Oskar Klein (1926).

Mwaka 1980, Peter Freund na Mark Rubin walionyesha kuwa milinganyo yenyewe huruhusu mgawanyo wa vinne na saba. Vipimo saba vikikunjwa kuwa tufe kamili, hupatikana mizunguko huru 28 na supasimetria nane, nyingi kupita zinazofaa kueleza ulimwengu wetu. Mwaka 1983, Moustafa Awada, Michael Duff na Christopher Pope walilibonyeza tufe hilo: mizunguko ikabaki 13, na supasimetria moja, au hata sifuri, kutegemea mwelekeo wa tufe.

Hata hivyo, kikwazo kilibaki. Edward Witten alionyesha kuwa umbo lolote laini la vipimo saba haliwezi kuzaa chembe zinazotofautisha kushoto na kulia, ilhali maumbile huzitofautisha. Tangu mwaka 1995 vipimo 11 vimerudi kwa nguvu katika nadharia ya M.

Kwa vijana wa ukanda huu, fizikia ya nadharia hufundishwa Kigali, katika taasisi ya Afrika Mashariki iliyofunguliwa mwaka 2018 kwa ushirikiano na kituo cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964.