Nyumba Utaijua kwa Ndani

Lamu, usidanganywe na mlango wa kuchonga. Milango huuzwa, ikahamishwa. Ingia ndani uangalie upana wa chumba. Vyumba vya kale ni virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi. Kuta ni za matumbawe na chokaa, zenye zidaka.

Mji wa Kale wa Mombasa, inua macho tu: roshani za mbao, mkono wa Kihindi.

Lakini kuna nyumba ambayo watalii hawaipigi picha. Ni ile ya udongo na fito, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Ilitoka pwani ikafika Pumwani, Nairobi, miaka ya 1920, pale serikali ya kikoloni iliporuhusu Waafrika wajijengee. Na ukumbi ule, wacha tu, ulikuwa biashara: kila chumba na mpangaji wake. Wanawake wengi walipata mali hivyo, katika jiji lililomwona Mwafrika kama kibarua wa kupita.

Lamu iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2001. Majengo, ghorofa zinazidi kupanda. Ukipita huko, tafuta mlango wa katikati wenye dirisha kila upande, kisha uchungulie kama ukumbi bado upo.