Serifi Bamba

Serifi ni kile kijimkia kinachotokeza kwenye ncha za herufi. Katika fonti nyingi za vitabu hukonda kadiri kinavyokwenda, hadi kikaisha. Lakini zipo fonti ambazo kijimkia hicho hakikondi: ni kipande kilichonyooka, mara nyingi kimekatwa pembe mraba, na unene wake unakaribia ule wa mstari wa herufi yenyewe. Waingereza huziita slab serif. Mimi nasema serifi bamba.

Anayetaka kusema "serifi nene" atakwama kwenye Courier, fonti ya taipureta ambayo Howard Kettler aliichorea IBM miaka ya 1950. Mistari yake ni myembamba kabisa, na bado ni ya ukoo huu. Bamba laweza kuwa la chuma kizito au la bati jepesi. Kinacholifanya bamba ni ubapa na kingo zake.

Ukoo huu ulizaliwa London mwanzoni mwa karne ya 19, matangazo ya ukutani yalipohitaji herufi za kuonekana toka mbali. Mwaka 1845 Robert Besley alitoa Clarendon, ambayo bamba lake hujikunja kidogo linapoungana na mstari. Rockwell ya Monotype, ya 1934, haina mkunjo huo.

Ningependa kuziona herufi za serifi bamba zaidi Modogashe, mpakani mwa Garissa na Isiolo, pale barabara ya Garissa kupitia Nuno inapokutana na ile ya Isiolo kwenda Wajir. Chukua kibao kilichoandikwa Isiolo. Kwa fonti nyingi zisizo na serifi, I kubwa ya mwanzo ni kijiti kitupu, na l ya ndani ni kijiti vilevile. Kwa serifi bamba, I ina bamba juu na chini, kushoto na kulia. Herufi l ina bamba pana chini, ila juu ina kipande kimoja tu kinachoelekea kushoto. Vumbi likifunika nusu ya kibao, dereva wa lori bado ana cha kushika. Mchoraji naye hufaidika: brashi moja bapa humtosha kwa mistari yote, na akiandika kwenye ukuta wa mabati, serifi nyembamba humpotea katika mikunjo ya bati, lakini bamba hubaki.

Kurasa nyingi za herufi hizi nzito, hata hivyo, huchosha macho. Tuseme unachapa upya Azimio la Modogashe la 2001, mapatano ya amani ya jamii za wafugaji wa eneo hili. Kichwa kipe Rockwell nzito, kisomeke kikibandikwa ukutani. Vifungu vya malisho, maji na dia (fidia ya damu), ambavyo wazee watavisoma polepole na kuvijadili neno kwa neno, vipe fonti ya vitabu, yenye serifi zinazokonda.