Mary Sue na Shujaa wa Kike katika Hadithi za Mashabiki

Hadithi za mashabiki hutungwa na wapenzi wa kitabu au filamu kwa kutumia wahusika wake. Nchini Marekani zilishamiri baada ya tamthilia ya televisheni ya Star Trek kuanza mwaka 1966. Jarida la mashabiki la Spockanalia lilitoka mwaka 1967, na wengi walioandikia majarida ya aina hiyo walikuwa wanawake.

Mwaka 1973 Paula Smith alichapisha katika jarida la Menagerie kisa kifupi cha kudhihaki hadithi za aina hiyo. Mhusika wake, Luteni Mary Sue, ana miaka 15 na nusu, anaweza kila jambo, anapendwa na wote, kisha anakufa akililiwa. Jina hilo likawa kipimo cha shujaa asiye na kasoro, hivyo asiyeaminika.

Kipimo hicho kilileta madhara pia. Mwaka 1992 mtafiti Camille Bacon-Smith alieleza kuwa hofu ya wahusika wao kuitwa Mary Sue iliwafanya baadhi ya waandishi waepuke wahusika wa kike. Wakosoaji wengine walihoji kwa nini Superman na James Bond hawakuhukumiwa vivyo hivyo.

Mjadala huo ulidhihirisha kwamba nguvu za ajabu hazimharibu shujaa. Msomaji humwamini nguvu zake zikiwa na mipaka, makosa yake yakimgharimu, na wenzake wakiwa na uhuru wa kumpinga.