Zanzibar Uwanjani: Kisiwa Kinachodai Kiti Chake

Jina la Unguja si geni kwetu huku Fizi na Baraka. Misafara ya biashara ya karne ya 19, ile iliyotoka Unguja ikapita Tabora na Ujiji, ndiyo iliyovusha Kiswahili kuja upande huu wa ziwa. Lakini historia ya Zanzibar katika mupira wa miguu wengi hawaijui, na ndani yake mna swali kubwa: nani anayesema kwamba hii ni nchi na ile si nchi?

Ekipi ya Zanzibar iliingia Kombe la Gossage mwaka 1949, ikashindana na Kenya, Uganda na Tanganyika. Siku zile wote wanne walikuwa chini ya Waingereza, hakuna aliyemuuliza mwenziwe cheti cha uhuru. Uhuru wa Zanzibar ulikuja Desemba 1963. Haukukaa sana: Januari 1964 Mapinduzi, na tarehe 26 Aprili Muungano na Tanganyika. Tangu hapo, mbele ya FIFA na katika Olimpiki, kijana wa Unguja au Pemba anavaa jezi ya Tanzania. Ila katika CECAFA, mashindano ya Afrika ya Mashariki na Kati, Zanzibar ilibakia na kiti chake. Mwaka 1995, huko Uganda, ikatwaa kombe lenyewe, mara hiyo moja tu.

Halafu ukaja mwaka 2017. Mwezi wa Machi, Addis-Abeba, CAF iliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Furaha ilidumu miezi minne. Mwezi wa Julai ikaondolewa, kwa sababu CAF haiwezi kupokea mashirika mawili ya nchi moja. Vijana wakajibu uwanjani. Desemba ileile, katika CECAFA kule Kenya, waliifunga Tanzania Bara 2-1, wakaitoa Uganda, wakafika fainali, na Kenya ikawashinda kwa penalti tu.

Sisi Wakongo tulichukua Kombe la Afrika mwaka 1968 kwa jina la Kongo, na 1974 kwa jina la Zaïre. Jina lilibadilika, drapo ikabadilika, kiti chetu hakikuguswa.

Wako wanaosema: dola moja, ekipi moja. Hoja hiyo ina nguvu, maana ukifungulia mmoja, kesho wengi watabisha hodi. Lakini Uingereza ni dola moja, na FIFA imeipa viti vinne: England, Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, kwa kuwa walianza kucheza zamani. Kama uzee wa mchezo ni haki kwa wale, mwaka 1949 nao uhesabiwe. CECAFA iliuhesabu, na Muungano haukuvunjika kwa ajili ya mupira.