Haki za raia nchini Kuba

Haki za raia nchini Kuba ni haki na uhuru ambao wananchi wa kisiwa hicho cha Karibi wamepewa, wamenyimwa au wamerudishiwa kwa nyakati mbalimbali. Tangu mapinduzi ya mwaka 1959 nchi inatawaliwa kwa mfumo wa kijamaa wa chama kimoja. Serikali hiyo ilieneza elimu na matibabu ya bure, lakini ilibana uhuru wa kusema, kukusanyika na kuunda vyama.

Kabla ya mapinduzi

Utumwa ulifutwa mwaka 1886, wakati Kuba ilipokuwa bado koloni la Hispania. Jamhuri ilianza tarehe 20 Mei 1902, lakini Marekani ilibaki na haki ya kuingilia mambo yake hadi mwaka 1934.

Wakuba weusi wengi walipigania uhuru, ila hawakupata usawa walioutarajia. Mwaka 1908 baadhi yao waliunda chama chao. Sheria ya mwaka 1910 ilipiga marufuku vyama vya watu wa rangi moja, na walipoasi mwaka 1912 jeshi liliua maelfu.

Wanawake walipata haki ya kupiga kura mwaka 1934. Katiba ya mwaka 1940 iliweka siku ya kazi ya saa nane, likizo yenye malipo na haki ya kugoma. Hata hivyo, tarehe 10 Machi 1952 Fulgencio Batista alitwaa madaraka kwa nguvu na kuisimamisha katiba hiyo.

Baada ya mwaka 1959

Fidel Castro alipoingia madarakani, watumishi wengi wa Batista walihukumiwa haraka na kupigwa risasi. Kufikia mwisho wa mwaka 1960 magazeti binafsi yalikuwa yamefungwa au kutwaliwa na serikali. Mwaka uliofuata, vijana wapatao 100,000 walikwenda vijijini kufundisha kusoma na kuandika, na watu zaidi ya 700,000 walifuta ujinga.

Kati ya miaka 1965 na 1968 mashoga, Mashahidi wa Yehova na wengineo walipelekwa katika kambi za kazi za kulazimishwa. Mwaka 2010 Castro alikiri kwamba yeye ndiye aliyestahili kubeba lawama kwa mateso ya mashoga.

Katiba ya mwaka 1976 iliorodhesha haki nyingi, lakini kifungu kimoja kilisema hakuna uhuru unaoweza kutumiwa dhidi ya dola ya kijamaa. Sharti hilo lilifanya haki zilizoandikwa kuwa vigumu kudaiwa na mtu mwenye maoni tofauti. Mwaka 2002 Oswaldo Payá aliwasilisha bungeni saini zaidi ya 11,000, idadi iliyotakiwa na katiba ikiwa 10,000, akiomba kura ya maoni kuhusu uhuru wa kiraia. Ombi halikukubaliwa. Machi 2003 wapinzani 75, wakiwemo waandishi wa habari, walikamatwa na kupewa vifungo virefu. Wake zao na jamaa zao waliunda kundi la Wanawake wenye Mavazi Meupe. Wafungwa wa mwisho wa kundi hilo waliachiwa mwaka 2011.

Mabadiliko na hali ya sasa

Chini ya Raúl Castro masharti kadhaa yalilegezwa. Mwaka 2008 raia waliruhusiwa kumiliki simu za mkononi, na mwaka 2011 kuuziana nyumba. Tarehe 14 Januari 2013 kibali cha kutoka nchini kilifutwa.

Katiba ya mwaka 2019 inatambua mali binafsi na haki ya kukusanyika kwa amani, lakini Chama cha Kikomunisti kimebaki juu ya dola. Tarehe 11 Julai 2021 maelfu waliandamana katika miji mingi wakilalamikia uhaba wa chakula, dawa na umeme, na kudai uhuru. Mamia walifungwa, wengine kwa miaka zaidi ya 20. Mwaka 2022 wapiga kura walipitisha Sheria ya Familia inayoruhusu ndoa za jinsia moja.

Serikali hudai kwamba vikwazo vya Marekani, vilivyoanza miaka ya 1960, ndivyo vinavyowanyima Wakuba haki ya maisha bora. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa limekuwa likitaka viondolewe tangu mwaka 1992. Wakosoaji hujibu kwamba vikwazo hivyo havielezi kwa nini raia afungwe kwa kutoa maoni yake.